Sura ya 6: Je, Lisansi Nzuri Inafuta Diplome Dhaifu?

Kila mwaka, majuma machache baada ya matokeo ya Mtihani wa Serikali kutoka, swali moja huzunguka Goma. Kijana alipata asilimia 54. Aliomba kuingia tiba, na orodha ilipobandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo wa chuo, jina lake halikuwamo. Hakukaa nyumbani. Alijiandikisha biolojia, au alikwenda kusomea uuguzi, na baada ya miaka mitatu akatoka na distinction. Mama yake anauza vitenge Mapendo, upande unaoshikana na Birere, na minervali, yaani karo ya chuo, ameilipa kipande kwa kipande. Sasa anauliza: kwa karatasi hii mpya, watamchukua? Ile 54 imekwisha?

Wanaouliza ni wengi, na wengi hujibiwa na mtu asiyejua: jirani, mwanafunzi wa mwaka wa pili, au karani ambaye mbele yake kuna foleni ndefu. Jibu lisilo sahihi hapa linaweza kula miaka mitatu ya ujana wa mtu na akiba yote ya nyumba.

Jibu langu ni hili: 54 haijakwisha. Mahali pengi duniani, fakulte ya tiba haichanganyi alama za zamani na alama mpya katika chungu kimoja. Inaziweka mbali mbali, inaanza na zile za zamani, na zile mpya inazitumia kwa kazi nyingine. Ukielewa kazi hiyo nyingine ni ipi, utajua kama lisansi itakusaidia au la.

Karatasi mbili zinapima vitu viwili

Mtihani wa Serikali, ambao wengi tunauita kwa Kifaransa Examen d'État, ulianzishwa mwaka 1967. Thamani yake iko katika jambo moja: mtoto wa Goma, wa Kisangani na wa Mbandaka wote wanapewa mtihani mmoja wa taifa, unaosahihishwa kwa kipimo kimoja. Kufaulu kunaanzia asilimia 50. Mtu wa fakulte akiona 54 na 71 kwenye diplome mbili za biolojia-kemia, anaweza kuzilinganisha bila kuuliza nani alifundisha wapi.

Lisansi ni jambo lingine. Alama zake zinatolewa na maprofesa wa chuo kimoja, na mwisho wa mwaka jopo lao linakaa kujadili matokeo ya kila mwanafunzi, kikao tunachokiita deliberesheni. Daraja tunazijua sote: satisfaction kuanzia 50, distinction kuanzia 70, grande distinction kuanzia 80. Lakini distinction ya chuo kimoja si lazima iwe sawa na ya chuo kingine. Iko idara ambayo kupata 65 ni kazi ya jasho, na iko nyingine ambayo nusu ya darasa inavuka 70. Kwa hiyo anayesoma releve de cote, karatasi yenye alama za kila somo, analazimika kwanza kujiuliza: nani alitoa alama hizi, na alikuwa akizitoa kwa ukali gani? Hana namna rahisi ya kujua.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya diplome ya sekondari kuendelea kumfuata mtu. Nisieleweke kwamba diplome ni kipimo cha haki kamili. Mtihani wa siku chache, ambao sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, hauwezi kuona kila kitu. Na katika mji huu unaona hata kidogo zaidi. Mwezi Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na wanafunzi wa darasa la sita wa Goma wakajikuta Sake na Gisenyi wakitafuta pa kulala, wakati wenzao wa Lubumbashi walikuwa wakirudia masomo mezani. Waliokuwa darasani mwaka 2012, na waliokuwa darasani Januari 2025, vita ilipofika Goma, wana habari zao. Asilimia iliyopatikana katika mwaka wa namna hiyo inaeleza mtoto na inaeleza mwaka wenyewe, na diplome haina mahali pa kuandika kwamba kulikuwa na vita. Mwombaji ana haki ya kulisema hilo katika barua yake ya maombi, na ninamshauri aliseme.

Hapa Goma mlango uko chini

Nchini Kongo mtu huingia tiba moja kwa moja kutoka sekondari. Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM) na ULPGL, kama vyuo vingine vyenye fakulte ya tiba, huwaandikisha wahitimu wa sekondari katika mwaka wa kwanza. Katika utaratibu wa zamani mwanafunzi alisoma kwanza miaka mitatu ya graduati ya sayansi za tiba-viumbe, ndipo akapanda doctorat ya udaktari. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imehamia mfumo unaoitwa LMD, yaani Lisansi, Masta, Doctorat, ambamo masomo yanahesabiwa kwa kredi. Kredi ni kipimo cha kazi ambayo mwanafunzi amekamilisha katika somo: darasani, maabara na nyumbani. Lisansi ya miaka mitatu ina kredi 180, masta ya miaka miwili ina kredi 120.

Angalia matokeo ya mpangilio huu, ndiyo sababu ya pili. Mlango ukiwa chini kabisa, baada ya sekondari, karatasi inayofungua ni ya sekondari. Fakulte inatazama asilimia ya diplome, tawi alilosoma mtu, na matokeo ya miaka ya mwisho ya shule. Vyuo vingi huongeza mtihani wao wa kuingia, tunaouita konkuri. Kiwango cha asilimia kinachotakiwa kila fakulte hukiandika katika tangazo lake la uandikishaji, nacho kinaweza kubadilika mwaka hadi mwaka.

Basi mwenye lisansi ya biolojia anayerudi kwenye mlango huu anakuja na nini? Kwa kawaida karatasi yake mpya inaweza kumfanyia kazi tatu:

- Inaweza kumpa msamaha wa baadhi ya masomo, yaani dispensi. Kemia au takwimu aliyokwisha kuifaulu huenda asiirudie.
- Inaweza kumwinua kidogo pale ambapo waombaji wawili wanalingana katika mengine yote.
- Inamwandaa kwa konkuri. Aliyesoma kemia kwa miaka mitatu haogopi karatasi ya kemia ya mtoto wa miaka kumi na minane.

Hiyo ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Pale ambapo konkuri ina uzito mkubwa, lisansi inalipa kupitia kichwa cha mtu zaidi ya kupitia karatasi. Dispensi nayo tusiidharau, ila tuielewe: inapunguza idadi ya masomo baada ya kuingia, na mara nyingi mwenye nayo bado anaanza mwaka wa kwanza. Familia nyingi husikia neno hilo na kudhani kijana ataruka miaka mitatu.

*Kwa kifupi:* Kongo inaandikisha wanafunzi wa tiba kwa karatasi ya sekondari na konkuri. Lisansi inasaidia kufaulu konkuri na kupunguza masomo, lakini haibadilishi asilimia iliyoandikwa kwenye diplome.

Majirani wanavyohesabu

Wanaovuka mpaka kwenda kusoma Uganda hukutana na hesabu iliyo wazi zaidi, nami naipenda kwa sababu mtu anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Chuo Kikuu cha Makerere humpa kila mwombaji anayetoka moja kwa moja shuleni uzito kwa masomo ya kidato cha sita. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Kisha pointi hizo zinazidishwa: somo la lazima kwa fani hiyo mara 3, somo linalohusiana nayo mara 2, la ziada mara 1. Kwa udaktari, biolojia na kemia ndiyo masomo ya lazima. Mwenye B katika biolojia na B katika kemia ana 15 na 15. Akiongeza C ya fizikia iliyozidishwa mara 2 anapata 8. Jumla 38 kabla ya nyongeza ndogo za cheti cha kidato cha nne. Wasichana huongezewa 1.5.

Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuingiza digrii. Mwenye diploma au digrii anaomba kwa foleni yake, akishindana na wenzake wenye diploma na digrii kwa nafasi zilizotengwa. Nafasi hizo ni chache, lakini zipo na zimeandikwa. Kwa Mkongomani kuna hatua moja ya kutangulia: diplome yetu hulinganishwa na vyeti vya Uganda kupitia UNEB, baraza la mitihani la nchi ile, na digrii za vyuo hulinganishwa na NCHE, baraza la elimu ya juu. Bila karatasi hiyo ya ulinganifu, distinction yako ni karatasi ya kigeni tu.

Tanzania inatufundisha jambo lingine. Tabibu mwenye stashahada anaweza kuomba kusomea udaktari akiwa na wastani uliowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Lakini hata akiwa na wastani mzuri sana, anaulizwa tena cheti cha kidato cha nne: ulifaulu kemia? Ulifaulu biolojia na fizikia? Mtu mwenye umri wa miaka 30, aliyekwisha kutibu wagonjwa kwa miaka, anarudishwa kwenye alama alizopata akiwa na miaka 17. Wapo wanaoona ni uonevu. Mimi naona nusu ya jambo ina mantiki: fizikia aliyoshindwa hatafundishwa upya chuoni. Nusu nyingine ni mazoea.

Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilichukua njia tofauti kabisa. Tangu mwaka 2003 kinapokea wahitimu wa digrii nyingine na kuwaingiza katika mwaka wa tatu wa udaktari. Hapo alama za digrii ndizo zinazosomwa, pamoja na mtihani wa chuo chenyewe. Ona tofauti: mlango ulipopandishwa juu, karatasi ya juu ikapata uzito.

Kwa wenye ndugu Marekani na Kanada

Familia nyingi za Goma zina mtoto aliyehamia Marekani, na habari zinazorudi kwa simu huchanganya mambo. Kule mtu haingii tiba kutoka sekondari. Anasoma kwanza digrii ya miaka minne, halafu anaomba. Maombi ya vyuo vingi hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, na mfumo huu unahesabu wastani wa alama, GPA, ambao kilele chake ni 4. Unauhesabu kwa mafungu: masomo yote ya digrii ya kwanza, kisha biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake, kisha masomo ya masta peke yake. Fungu la masta haliingii katika fungu la digrii ya kwanza hata kwa alama moja.

Tufanye hesabu. Mwanafunzi alimaliza digrii ya kwanza akiwa na kredi 120 na wastani wa 2.8. Akaamua kusoma tena, kredi 30, na akapata 4 kamili katika kila somo.

Kama kredi hizo 30 ni za masta, wastani wake wa digrii ya kwanza unabaki 2.8. Pembeni panaandikwa 4.0 ya masta. Anayesoma faili anaona namba mbili.

Kama kredi hizo 30 ni masomo ya kiwango cha digrii ya kwanza yaliyosomwa baada ya kuhitimu, yanaingia katika fungu la kwanza: 336 kujumlisha 120 ni 456, gawa kwa 150, unapata 3.04. Bado si wastani wa kujivunia, lakini umesogea.

Watu hushangaa wakiona hivyo, kwa sababu masta inaonekana kubwa zaidi. Kwa nini basi haihesabiwi sana? Sababu ya kwanza: kila mwombaji ana digrii ya kwanza, ila wachache wana masta, na kipimo cha kulinganisha lazima kiwe kile ambacho wote wanacho. Ya pili: katika masta za Marekani B ndiyo kama mstari wa kufaulu, na anayeshuka chini ya wastani wa 3.0 anaweza kuondolewa. Alama zote zimebanwa juu, kwa hiyo 3.8 ya masta haielezi mengi. Ipo aina moja ya masta inayoheshimiwa zaidi: ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, inayofundisha masomo yale yale ya mwaka wa kwanza wa udaktari, wakati mwingine katika darasa moja na wanafunzi wa tiba. Alama nzuri pale zinajibu swali la moja kwa moja, yaani je, mtu huyu ataweza masomo ya udaktari?

Kwa msomaji wa Mapendo liko jambo zito zaidi: AMCAS haiingizi katika GPA masomo yaliyosomwa vyuo vya nje. Lisansi ya Goma, hata yenye grande distinction, haipewi namba kule, na vyuo vingi vya tiba hudai mwombaji awe amesoma kwanza katika chuo cha Marekani au Kanada. Anayehama na lisansi mkononi ajiandae kukaa darasani tena.

Kanada ina mfano mmoja wa uwazi ambao natamani ungeigwa. Chuo Kikuu cha McMaster kwa miaka kadhaa kiliandika wazi uzito wa kila kitu katika hatua ya kuchagua wa kuhojiwa, na humo masta iliongeza asilimia 1, PhD asilimia 4. Ni kidogo, lakini mtu alijua mapema, akapanga maisha yake.

Ulaya nitapita haraka. Ubelgiji inayozungumza Kifaransa iliweka mtihani wa kuingia tiba mwaka 2017, na anayefanya mtihani huo hapimwi kwa asilimia aliyopata sekondari. Ufaransa ina njia iitwayo passerelle, yaani daraja: mwenye masta, kwa kawaida iliyopatikana Ulaya, anaweza kuomba kuingia mwaka wa pili au wa tatu wa tiba. Kamati inasoma faili lake lote kisha inamhoji ana kwa ana.

*Kwa kifupi:* chuo kinachoanza baada ya sekondari kinasoma alama za sekondari au mtihani wa kuingia. Kinachoanza baada ya digrii kinasoma digrii ya kwanza. Masta ina nguvu pale tu palipojengwa njia ya wenye masta.

Kongo iliwahi kujenga daraja lake

Kuna sehemu ya historia yetu ambayo haisimuliwi vya kutosha. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni wa Kibelgiji, Mkongomani hakufundishwa kuwa daktari. Kiwango cha juu alichoruhusiwa kilikuwa msaidizi wa tiba, assistant médical, aliyefunzwa miaka mingi huko Kisantu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, akapelekwa kufanya kazi chini ya daktari Mzungu. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na masomo ya udaktari yakiwa marefu, uhuru ulipofika Juni 1960 hakuna Mkongomani aliyekuwa amemaliza udaktari ndani ya nchi. Madaktari wa Kibelgiji wakaondoka kwa wingi.

Shirika la Afya Duniani, ambalo huku tunaliita OMS, lilisaidia kupeleka makumi ya wasaidizi hao wa tiba kwenye vyuo vya Ufaransa. Hawakurudishwa mwanzo kabisa kama watoto waliotoka sekondari. Walichojifunza na walichofanya vilihesabiwa, wakaingizwa katika miaka ya juu, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari kamili. Sehemu ya kizazi cha kwanza cha waganga wa nchi hii ilipita katika mlango huo.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba muuguzi wa A1, yaani mwenye graduati ya uuguzi, hana njia ila kuanza upya kwa diplome aliyoipata miaka kumi na miwili iliyopita. Muuguzi aliyesimama usiku katika hospitali za Goma zilipojaa majeruhi Januari 2025 ana ujuzi ambao hakuna konkuri inayouuliza. Sidai apewe udaktari kwa huruma. Anatomia lazima aisome, biokemia aifaulu, na akishindwa aondoke kama mwingine. Ninachodai ni njia iliyoandikwa: kredi zipi zinahesabiwa, mtihani gani unafanywa, nafasi ngapi zimetengwa. Mfumo wa LMD ulibuniwa hasa ili kredi ziweze kuhamishwa, kwa hiyo chombo tunacho. Kinachokosekana ni fakulte kubandika masharti hayo kwenye valve ili yasomwe na wote, badala ya kuacha kila kesi iamuliwe ofisini kwa mlango uliofungwa, ambapo asiye na mtu wa kumtetea hana la kufanya.

Kabla ya kulipa minervali ya pili

Ukifikiria kusoma lisansi kwa nia ya kupita nayo kwenda tiba, nenda kwanza fakulte ya tiba unayoitaka, si ile ya biolojia inayokutafuta wewe kama mwanafunzi. Uliza haya katika aparitora, ofisi ya uandikishaji, na kwa sekreteri wa fakulte:

1. Mwenye lisansi anaomba kwa foleni gani: ya wenye diplome, au yake mwenyewe?
2. Je, asilimia yangu ya diplome inanizuia hata kufanya konkuri? Kama inazuia, hakuna lisansi itakayosaidia hapa, na ni afadhali kujua leo.
3. Masomo gani yanapewa dispensi, kuanzia alama ngapi, na je, ninaanza mwaka wa kwanza hata nikiwa nayo?
4. Mwaka uliopita mliwapokea wangapi kwa njia hii?

Swali la nne ndilo linalotoa ukweli. Ofisi inaweza kusema njia ipo, lakini ikikosa kukumbuka mtu hata mmoja aliyeipita, basi mwombaji asiitegemee.

Na majibu yasibaki mdomoni. Andika barua, iache pale, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Miaka mitatu ni mirefu: sekreteri uliyeongea naye anaweza kuwa amehamishwa, dekano amebadilika, na masharti ya tangazo jipya yakawa mengine. Mwenye nakala hiyo mkononi ana mahali pa kuanzia mazungumzo.